Picha za Ciku Ziko Darini

Jumatatu, 24 Februari 2025

Nyakio amepiga simu saa mbili asubuhi, kabla sijanywa chai. Dalili mbaya. Huyu ni dada mdogo wa marehemu mke wangu, Ciku. Anaishi Laiser Hill, na akipiga simu asubuhi huwa ameshaamua jambo, anakuarifu tu.

Ameamua hivi. Tarehe kumi na tano Machi, Ciku akitimiza mwaka tangu atuache, ibada ya kumbukumbu itafanyika hapa kwangu Kisaju, kando ya kaburi. Sawa. Msalaba wa mbao uondolewe, uwekwe wa mawe wenye picha yake. Sawa pia. Kijitabu kichapishwe, picha kurasa nane. Sawa. Halafu ndipo akafika alikokuwa akienda: nimpe albamu zote tatu, simu ya Ciku na ile laptopu ya zamani, azipange yeye, kwa sababu, alivyosema, "Baba Kui, una mambo mengi."

Mambo mengi! Sijauza ploti tangu Novemba.

Nimemwambia nitamjibu. Sitamjibu. Nikimpa, kila atakayetaka kumwona Ciku atalazimika kwenda Laiser Hill. Mume nitakuwa mimi, mwenye mke atakuwa yeye.

Ciku alikuwa na tabia moja iliyonitesa miaka thelathini. Mgeni akiketi, kabla chai haijachemka, anawekewa albamu mapajani. Kila nyumba hufanya hivyo, najua. Lakini kwetu, mgeni akisema picha fulani ni nzuri, Ciku alikuwa akimwambia achukue tu. Mgeni anabandua, anatia mfukoni, anakunywa chai yetu juu yake. Leo nimehesabu nafasi tupu. Arobaini na moja! Zimebaki alama za gundi. Jirani yangu Lemayian, mtu mzima mwenye ng'ombe zake, alichukua ile ya Ciku akimnywesha ndama kwa chupa. Ilikuwa 2009. Sijasahau.

Tangu mazishi, albamu ziko ndani ya sanduku la bati lenye kufuli mbili. Wageni wanakunywa chai wakitazama ukuta.

Na kuna video, kwenye simu yake. Sekunde arobaini na saba. Ciku ananigombeza kwa sababu kuku wamelala nje, na hajui simu inarekodi. Sina sauti yake nyingine popote. Naicheza kila jioni nikila. Kui, binti yetu, ambaye ni nesi huko Kajiado, ameniomba nimtumie mara tatu. Nimemwambia nafikiria.

Jumatano, 26 Februari

Nimepata dawa ya Nyakio! Inauzwa Kitengela.

Musila ana duka la kompyuta pale mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimweleza kwamba nataka picha zote za familia zikae mahali pamoja, nyumbani kwangu, chini ya mamlaka yangu. Akaniuliza kama nataka kuhifadhi picha au kufungua gereza. Ni mcheshi. Sikucheka.

Alinionyesha vitu vitatu. Cha kwanza ni diski ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Nilikataa. Kitu kinachoingia kwenye pochi ya Nyakio si ulinzi. Cha pili si kitu. Ni nafasi ya kukodi kwenye mtandao, picha zinakaa kwenye kompyuta za watu ng'ambo. Nilimuuliza ni nchi gani. Hakuwa na uhakika. Mke wangu hakuwahi hata kuwa na pasipoti, leo alale nchi isiyojulikana?

Cha tatu ndicho. Kisanduku cheusi, kizito, taa nne za kijani mbele, diski mbili ndani. Unakiunganisha na ruta ya waifai nyumbani, picha zote zinaingia humo, mnazitazama kwa simu. Lakini kuna mwenye kisanduku, na huyo ndiye anayetoa ruhusa ya nani aone na nani asione. Musila aliposema neno ruhusa, nilihisi joto kifuani. Mwaka mzima sijahisi hivyo.

Ushauri wake sikuupenda. Alisema diski hizo zinaweza kupangwa namna mbili. Ama kila moja iwe na picha zilezile, ili moja ikifa nyingine ibaki, ama ziungane ziwe diski moja kubwa. Yeye anapendekeza ya kwanza. Yaani ninunue diski mbili nitumie moja! Nimesema ziungane.

Halafu akaongeza kwamba hata hivyo lazima niwe na nakala nyingine, ikae nyumba nyingine, kwa mtu ninayemwamini. Nilifikiri kwa makini sana. Hakuna mtu kama huyo.

Musila hajui kazi yangu. Mimi ni broka wa ploti hapa miaka ishirini na miwili. Nimeona ekari moja ikiuzwa kwa watu watatu, kila mmoja ameshika fotokopi safi ya hati, wote watatu wamekuja na waya wa seng'enge siku moja. Ukiona mali ina nakala nyingi, jua kesi iko njiani. Hati iwe moja, mwenyewe awe mmoja. Nilimweleza hivyo taratibu, kama mwalimu. Akaandika kwenye risiti: mteja amekataa ushauri. Nikatia sahihi kwa furaha.

Ijumaa, 28 Februari

Siku mbili nzima dukani kwa Musila. Alibandua picha za albamu moja moja, akazipitisha kwenye mashine ya kuskani, mimi nimekaa kwenye kiti pembeni, nimekodoa macho. Sikwenda hata kula. Alipoenda msalani nilisimama mbele ya mashine.

Halafu tukaingiza picha za simu, za laptopu na za kadi tatu za kamera. Jumla elfu sita mia nne na kumi na mbili, na video moja. Miaka thelathini ya ndoa imeingia kwenye kitu kidogo kuliko debe la mafuta.

Kabla sijaondoka Musila alirudia mambo mawili. Kwanza, nisifute chochote kule zilikotoka. Pili, kisanduku kikae mahali penye hewa, kwa sababu diski huchoka na joto. Nilimwitikia. Mtu akishakulipisha ana haki ya kuongea.

Jumamosi, 1 Machi

Kui amenidokeza kwamba Nyakio anakuja kesho na gari, kubeba albamu. Binti yangu mwenyewe yuko upande wao. Ana funguo za nyumba hii yote, kwa hiyo hakuna pa kuzificha.

Ofisi ya ardhi ikitoa hati mpya, ya zamani hubatilishwa. Huwezi kuacha zote mbili zikitembea. Kwa hiyo leo saa nne asubuhi nimewasha moto nyuma ya banda la kuku, nikabatilisha.

Picha nilizitia motoni kifudifudi. Sikutaka kuona nani anaungua. Moja iligeuka yenyewe kwa upepo, ile ya arusi, Ciku amefumba macho kwa sababu ya jua. Nikatazama kuku. Plastiki za albamu zilinuka hadi kwa Lemayian, akaja kuuliza kama naunguza viatu. Nikasema ndiyo.

Simu ya Ciku nimeifuta kila kitu, iko safi kama imetoka dukani. Laptopu pia. Kadi za kamera nimezikata kwa makasi. Makasi yaliniponyoka mara mbili. Ni njaa.

Kisha nikamwomba Lemayian ngazi. Juu ya kitanda chetu kuna mlango mdogo wa dari. Karibu nao kuna doa la kahawia, ukubwa wa sahani, mahali ambapo msumari wa mabati ulilegea na mvua ikapata njia. Ciku alinikumbusha doa hilo miaka mitatu. Nitarekebisha. Nimepandisha kisanduku, nikapitisha nyaya kwenye tundu la balbu, nikakifunika blanketi la kijivu ili taa zisionekane. Hakuna mwizi atakayefikiria dari. Hakuna Nyakio atakayepanda ngazi na viatu vile.

Jioni nimecheza video kutoka kwenye kisanduku. Imefunguka vizuri sana. Kuku, kelele, jina langu. Nimeicheza mara nne.

Jumapili, 2 Machi

Ushindi!

Nyakio amefika baada ya kanisa, Kui nyuma yake amebeba makatoni matupu. Nikawafungulia sanduku la bati mwenyewe. Tupu! Uso wake ulikuwa kitu cha kutazamwa. Nikawaeleza kwamba picha sasa ziko kwenye hifadhi ya kisasa, na kwamba mwenye kutaka kutazama atajaza fomu. Nimeichapa jana Kitengela. Jina, uhusiano na marehemu, sababu ya ombi, idadi ya picha, wadhamini wawili.

Nyakio aliisoma hadi mwisho. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake ili chai isimwagike mezani. Akasema hataki kugombana na mume wa dada yake. Anataka picha moja tu ya msalaba na chache za kijitabu, na fundi wa mawe anangoja. Nikasema ombi lake litaangaliwa.

Kui hakutaka picha. Alitaka video. Alisema, bila kuinua sauti, kwamba ameanza kusahau mama yake alivyotamka jina lake, na hilo linamtisha. Nusura nimpe. Lakini nina mpango. Siku ya kumbukumbu nitakodi skrini kubwa, nitasimama mbele na simu yangu, nitabonyeza, na watu mia mbili watamsikia Ciku kwa mkono wangu. Hapo watajua nani alimjua. Nikamwambia Kui avumilie siku kumi na tatu.

Ameondoka bila kunywa chai. Ana kichwa kigumu kama cha mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Joto la ajabu. Mabati yanalia tangu saa tano. Hata kuku wamelala chini ya tangi.

Kuna ndege ameingia darini. Analia pii, pii, pii, halafu ananyamaza, halafu pii, pii, pii. Nimegonga dari kwa ufagio. Hasikii.

Lemayian amepita akanisalimia kwa Kimaasai, sopa, nikaitikia ipa, nikamwita asikilize. Alisimama chumbani kofia mkononi, muda mrefu. Akasema amelala porini tangu utotoni na hajasikia ndege anayelia kwa kipimo namna hiyo, mara tatu, mara tatu. Akauliza kama nina hakika ni ndege. Lemayian hudhani anajua kila kiumbe.

Jioni video imekataa kufunguka. Kiduara kinazunguka tu. Mtandao wa huku ni aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Ndege ameondoka. Kimya kabisa. Nilijua atachoka.

Video bado. Nimekula nikitazama kiduara.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika leo lakini nitaandika.

Asubuhi simu imesema kisanduku hakipo. Nikapanda. Huko juu ni tanuri. Blanketi lilikuwa moto kiasi cha kuchoma mkono, na chini yake taa zote zimezimika isipokuwa moja nyekundu. Nikakiteremsha kwa taulo, nikakipeleka Kitengela nimekipakata kama mtoto mwenye homa.

Musila alikifungua. Akaweka sikio. Akaniuliza kama hakikulia pii, pii kutoa tahadhari, na kilikaa wapi. Nikasema mahali penye hewa. Akatoa uzi wa blanketi kwenye tundu la feni, akauweka mezani mbele yangu.

Diski moja imekufa. Na kwa kuwa nilitaka ziungane, kila picha iligawanywa, nusu huku, nusu kule. Ile iliyo hai ina nusu nusu za kila kitu, na nusu hizo hazionyeshi hata kidole. Akasema si mbaya sana, tutaanza upya, nimletee tu albamu, simu na zile kadi.

Nikatazama ule uzi. Aliniangalia. Nadhani aliona, kwa sababu aliinuka akafunga mlango wa duka, akaniletea maji.

Kuna watu Nairobi wanaofungua diski zilizokufa. Ameituma kwao. Jibu Jumanne.

Nimerudi nyumbani nimekaa kando ya kaburi hadi kuku wakaingia wenyewe bandani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa kukumbuka vizuri uso wake upande wa kushoto, kama lile kovu lake lilikuwa juu ya nyusi au chini. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 11 Machi

Jibu limekuja. Hakuna kitu. Musila alinipigia mwenyewe, hakutuma ujumbe. Alisema pole mara nyingi sana. Nilimwambia hakuna shida, kana kwamba ni yeye aliyefiwa.

Nimepumzika saa moja. Halafu akili ikarudi kazini.

Mpango mpya: nitamwambia Nyakio kwamba nimetafakari na kuomba, na nimeona kumbukumbu isiwe na picha. Heshima ya zamani. Bibi zetu walizikwa bila picha na tunawakumbuka. Nilimpigia, nikasema hayo kwa sauti ya unyenyekevu. Akasema fundi wa mawe amesimama hapo mbele yake na anataka picha moja, moja tu, ama ataacha shimo.

Nikapekua kabati la kazi kuanzia chini. Na nikapata! Faili ya ploti ya Kisaju tuliyouza 2016. Ndani kuna fotokopi ya kitambulisho cha Ciku, kwa ajili ya wakili. Wino umejaa. Macho ni matundu mawili meusi na pua haipo. Chini imeandikwa, kwa mwandiko wangu, nakala halisi. Nimempelekea fundi.

Jumatano, 12 Machi

Kui amekuja bila kuniarifu. Fundi alimwonyesha jiwe. Aliingia na mavazi ya kazi, akasimama mlangoni, akaniuliza: "Baba, picha za mama ziko wapi?"

Nilianza na joto. Nikaja kwa ndege. Nikaja kwa Musila, kwamba vitu anavyouza si imara. Aliuliza tena. Nikasema zimeungua. Akasema sawa, diski imeungua, lakini zile za albamu je? Nikatazama banda la kuku.

Aliketi kwenye kile kigoda cha mama yake jikoni. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Baadaye aliuliza kuhusu video, na nikatikisa kichwa, na hapo alijifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika. Nilisimama na sufuria mkononi. Sikujua niiweke wapi.

Kisha akajipangusa, akatoka nje, akawa anapiga simu hadi saa kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa kwa Nyakio. Sasa wote watajua. Wamepata walichotaka.

Jumamosi, 15 Machi

Watu walikuwa wengi. Nilikaa mstari wa mbele nimevaa suti ya mazishi na nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimeandaa majibu saba.

Sikuulizwa hata moja.

Kui alikuwa amefunga kamba ya nguo ya Ciku kutoka kwenye tangi hadi kwenye mti wa mbele, na kikapu cha vibanio chini. Kila aliyeingia alikwenda kwanza pale. Mama wa genge la mboga alitoa picha kwenye pochi, akaibana. Kwaya ilikuja na tano. Wateja wangu wa zamani, watu niliowapeleka kuona ploti nikawaleta nyumbani wanywe chai, walikuja nazo kwenye bahasha. Mmoja alitoka Namanga. Wote walikuwa wale wale, wezi wa albamu! Walioambiwa wachukue tu. Lemayian alikuja na mkewe Tabitha, akatoa Biblia yake ya Kimaasai, akafungua Zaburi, na ndani mlikuwa na Ciku, kijana, anamnywesha ndama kwa chupa, anacheka mdomo wazi.

Kovu lilikuwa juu ya nyusi.

Nilihesabu kamba. Thelathini na nane kati ya arobaini na moja. Upepo ulikuwa unazitikisa zote. Nyakio alisimama mbele ya ile ya ndama muda mrefu, akasema hii ndiyo itaingia kwenye msalaba badala ya lile jinamizi la fotokopi. Alikuwa analia. Akanishika mkono. Simwelewi huyu mwanamke.

Baada ya sala Lemayian akaomba kusema. Yeye hupenda kutuma sauti kwenye simu kwa kuwa kuandika kunamchosha, na Ciku alikuwa akimjibu hivyo hivyo. Mkewe alimfutia za zamani ili simu isijae, ila moja ilibaki. Akaishika simu juu, karibu na kipaza sauti cha mchungaji.

"Lemayian, sopa. Kesho niletee maziwa lita mbili, Kui anakuja. Na ukikuja, kuja na ngazi, uniletee na mtu wa kupiga msumari. Hii mabati inavuja juu ya kitanda, na Ngigi ananiambia kesho, kesho, miaka tatu sasa. Siku moja mvua itatuondoa hapa na yeye bado anatafuta nyundo."

Watu walinigeukia mimi, Ngigi, wakacheka kwa nguvu, wengine wakilia. Kui aliinama hadi paji likagusa magoti, na alipoinuka alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza mwaka huu. Ametamka Kui! Kwa ile sauti yake, na kile kikohozi kidogo mwishoni. Mimi sikusikia maneno. Nilisikia sauti tu. Nilitaka ardhi ipasuke nimfuate.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala siku nzima jana. Leo nimeamka na akili safi kabisa.

Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kisanduku. Diski mbili ni chache. Musila ana kingine chenye diski nne, na diski nne zikiungana zinakuwa na nguvu mara nne. Nimemwagiza, kinafika wiki ijayo. Hakutaka kuniuzia. Ilibidi nimwambie ni cha kanisa.

Kuhusu picha, nilichukua hatua Jumamosi ile ile. Kui alitaka kuzipiga zote kwa simu pale kambani, nikamwambia asubiri kwanza wageni wamalize kula, ni suala la heshima. Watu walipokuwa kwenye chakula nilipita na kikapu nikazibandua. Niliowakuta niliwaambia nazichukua kusafisha, watarudishiwa. Wote wakasema hakuna neno, Baba Kui. Zote thelathini na nane! Pamoja na ya ndama, hatimaye, baada ya miaka kumi na sita.

Kui amepiga simu leo. Anakuja kesho kuzichukua azipeleke Kajiado, ziskaniwe, kila mtu apate zote. Kila mtu! Watu mia mbili wenye hati moja! Nimemwambia kesho sipo.

Sauti nayo nimeiokoa. Asubuhi nimekwenda kwa Lemayian, akanitumia kwenye simu yangu bila ubishi. Kisha nikamweleza kwa upole kwamba si vizuri sauti ya mke wa mtu kukaa kwenye simu mbili, inaweza kusambaa. Alifikiri, akasema amezoea kuisikiliza akiwa malishoni, lakini mimi ndiye mwenyewe. Shida ni kwamba hajui kufuta. Nikamfutia mimi.

Nyumbani nimeihamisha kutoka kwenye simu yangu, maana simu huibwa. Iko kwenye kadi mpya, kadi iko ndani ya bahasha moja na picha, bahasha moja tu, nimeandika jina langu juu. Ngazi ya Lemayian ilikuwa bado hapa. Bahasha nimeipandisha darini, pale kwenye doa, ambapo ubao umelainika na bahasha inakaa bila kuteleza.

Mawingu yamefunga tangu saa nane, na sasa naandika huku matone yakianza kugonga mabati. Ndiyo mvua ya masika. Vizuri sana. Joto si tatizo tena.